Anza na Kiholanzi cha dukani

Dada, umesema una miezi miwili Rotterdam na kila ukijaribu Kiholanzi dukani unajibiwa kwa Kiingereza. Usivunjike moyo, hawakudharau, wanadhani wanakusaidia. Sema "Ik leer Nederlands", yaani najifunza Kiholanzi, kisha endelea na chako. Wengi watakufuata.

Anza na keshia, maana maneno yake ni yaleyale kila siku. "Bonnetje mee?" anauliza kama unataka risiti. Jibu "ja, graag", ndiyo tafadhali, au "nee, dank u", hapana asante, basi. Kwa muuza mikate: "Een half bruin, gesneden graag", nusu mkate wa kahawia, uliokatwa vipande. Mtu mzima usiyemjua mwite "u", yaani wewe ya heshima. "Je" ni ya wenzako. Na ile "g" isikutishe, ni "kh" ya kheri, vuta kooni tu.

Kinachotuumiza sisi ni saa. "Half drie" ni saa nane na nusu, si saa tisa na nusu: "drie" ni tatu, saa tisa yetu, na wao wanahesabu nusu ya kuiendea. Mimi nilifika kwa daktari wa meno nimechelewa saa nzima, tena natabasamu! Namba nazo ziko kinyume: 25 ni "vijfentwintig", tano na ishirini. Ukitajiwa namba ya simu usijifanye umeelewa. Toa kalamu, sema: "Kunt u dat opschrijven?", yaani unaweza kuiandika? Waandike wenyewe.