Re: Picha ya marehemu baba na wenzake wa kozi ya ufundi ndege

Mwanangu, pole kwa msiba. Umeuliza ndege iliyo kwenye picha ya baba ni ipi, na wenzake utawapataje hapa Tanga. Kwa ulivyoieleza, pangaboi mbili, mabawa juu ya bodi, mkia umeinuka, hiyo yaelekea ni Caribou, ndege ya mizigo ya Kanada. Wakanada ndio waliotusaidia kuanzisha kikosi cha anga, 1965 hadi 1970, kabla ya ndege za kivita za Wachina. Huenda baba alikuwa wa kozi za mwanzo, na hao sisi tuliwaheshimu sana.

Kazi ile ya ufundi ndege ilitufanya ndugu. Jioni kila spana inarudi kwenye nafasi yake sandukuni; ikipungua moja, ndege hairuki mpaka ipatikane, hata kama kozi nzima itakesha hangarini na tochi, mnapapasa chini ya injini. Mtu uliyekesha naye hivyo huwezi kumsahau. Mpaka leo nikisikia mwenzetu kalazwa hospitali ya Bombo, nakwenda.

Geuza picha, nyuma mara nyingi waliandika kozi na mwaka. Kisha ulizia MUWAWATA, chama cha wanajeshi wastaafu. Na iweke hapa, nizitazame hizo sura.