Jibu kwa mleta mada wa mkutano wa wakulima Tengeru: hiyo ratiba ichane

Ichane hiyo ratiba. Ichane leo, kabla kijana wa steshenari hajakutolea kopi 120 na kukudai hela yake.

Umeuliza mambo matano: ukumbi mzuri Arusha mjini, chakula cha watu 120, MC, posho, na ratiba yako ikoje. Wadau hapo juu wameshakushauri mahema na mapambo, kuna mmoja amekupa hadi mtu wa keki. Keki, kwenye mkutano wa wakulima wa nyanya! Mimi nimeganda kwenye ratiba uliyoibandika. Saa 2:00 usajili. Saa 3:30 mgeni rasmi. Saa 4:30 historia ya mradi. Saa 6:00 mtaalamu. Saa 7:30 chakula. Saa 9:30 alasiri, "Majadiliano ya wazi: soko na bei". Halafu siku yenyewe Jumamosi, na watu wako wanatoka Tengeru na vijiji vya jirani. Mkuu, Tengeru soko ni Jumatano na Jumamosi. Unawaita wauza nyanya waache soko, waje mjini kuzungumzia soko, siku ya soko.

Ratiba hiyo naijua vizuri, niliwahi kuiandika mwenyewe. Yangu ilikuwa na kahawa badala ya nyanya, na ilinila milioni 2 na laki 8.

Aprili 2017, Moshi. Ndiyo kwanza nimeingia kwenye kazi ya kuandaa mikutano, nina viti 200 vya plastiki, spika mbili, na majivuno ya mtu mwenye viti 2,000. Nikapata tenda ya mradi mmoja uliotaka kukutana na wakulima wa kahawa wa vijiji vya mlimani juu ya mji. Mikutano minne, watu 140 kila mmoja. Mradi siutaji wala chama chao sikitaji, tuliachana kwa amani, yaani hawapokei simu zangu.

Sikujua nianzie wapi kuijaza siku nzima. Nikaelekezwa kwa jamaa mmoja wa Arusha, mshauri mwelekezi, suti ya kijivu, simu mbili zimelazwa kifudifudi mezani kama anacheza karata. Nikamlipa 300,000. Akanipa ratiba ya mkutano wa kimataifa aliowahi kuushughulikia, ile mikutano ya watu wanaoshukia uwanja wa ndege wa KIA na vitambulisho shingoni, akaniambia: "Badilisha majina na tarehe, mengine acha yalivyo. Mkutano ni mkutano." Nikamuuliza kama si vizuri tuwasikie kwanza wakulima wenyewe wanataka nini. Akacheka. "Ukiwauliza watakuomba hela."

Nakwambia hadi leo nikikumbuka kile kicheko mkono unawasha. Na kibaya zaidi alisema kweli. Walikuwa wanataka hela. Hela yao.

Wewe ni mtu wa nyanya, ngoja nikueleze kahawa inavyolipwa. Mkulima anapeleka kahawa kavu chamani, inapimwa, anapewa risiti na malipo ya awali. Kahawa inakwenda kukobolewa, inauzwa mnadani hapo Moshi, yanatolewa makato ya usafiri, ukoboaji na ushuru, kinachobaki kinarudi kwa mkulima kama malipo ya pili. Hayo malipo ya pili ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo deni la dukani. Aprili ile yalikuwa hayajatoka na hakuna aliyewaambia sababu. Kwa hiyo watu 140 walipopata mwaliko, kila mmoja kichwani mwake alijua anaitwa kwa jambo gani. Mimi tu ndiye sikujua.

Malipo ya pili kwenye ratiba yangu yalikuwa kipengele namba 11, yamefichwa ndani ya "Mengineyo", saa 9:45 alasiri. Chini yake kulikuwa na mstari nilioshindwa hata kuufuta, ulikuja na ratiba ya yule bwana: "Saa 11:30, wajumbe kurejea hotelini." Hotelini! Mtu ametoka nyumbani kwake mgombani asubuhi hiyo hiyo kwa miguu.

Siku ikafika, mvua ya masika inanyesha kidogo kidogo. Saa 2:30 ukumbi umejaa, wakulima hawachelewi, wanaochelewa ni sisi. Mgeni rasmi akaingia saa 5:20. Karibu saa tatu nzima MC anachekesha watu ambao hawakuja kucheka. Chai ya saa nne tuliwapa, na hapa naomba msinicheke sana: wakulima wa arabika, Moshi, tuliwawekea kahawa ya unga ya kopo. Hakuna aliyeigusa.

Baada ya hotuba akaja kijana wa historia. Slaidi 34. Akaanza na 1925, wakulima wenyeji walivyounda chama chao, akaja 1933 na kuanzishwa kwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, picha nyeusi na nyeupe, anasoma kila neno lililoandikwa ukutani. Mambo yenyewe ni ya kweli na ni mazuri. Lakini meku mmoja wa mstari wa pili, ana miaka themanini na zaidi, alimgeukia jirani yake akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia: "Huyu ananisimulia habari za baba yangu."

Kisha mtaalamu wa bei. Mchoro wa mistari inayopanda na kushuka, bei za mnadani kwa dola za Marekani, kwa gunia la kilo 50 la kahawa iliyokwisha kobolewa. Mkulima mkononi ana risiti ya shilingi kwa kilo, tena kilo za kahawa ambayo haijakobolewa, ambayo ukiikoboa kilo 100 unabaki na kama 80 hivi. Hakuna aliyewafanyia hiyo hesabu ya kugeuza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja nikihesabu sahani. Akafungua fundo la pindo la kanga, akatoa risiti iliyokunjwa mpaka imekuwa kama stempu, akaikunjua gotini. Kilo 86. Akatazama ukutani, akatazama risiti, akatazama tena ukutani, kidole chake kinatembea juu ya tarakimu. Kisha akaikunja vile vile, akaifunga fundo, akakaza kwa meno.

Saa nane kasoro alisimama, akanifuata pale kwenye sufuria. "Mwanangu, chakula kilikuwa kizuri, nimeshukuru. Lakini ng'ombe wangu hawali hayo ya ukutani." Akaondoka. Kule mlimani ng'ombe wanafungiwa bandani, majani yanafuatwa, na anayeyafuata mara nyingi ni mama. Nyuma yake wakatoka wanne, kisha kumi, kisha sikuhesabu tena, maana mvua ilikuwa imekaza na magari ya kupanda juu yakishaona tope hayarudi mara ya pili.

Saa 9:50 tulipofika kwenye "Mengineyo" nilihesabu watu 31. Mhasibu wa chama akasimama, na huyu bwana nampa heshima zake, alieleza kwa dakika 12 kila kitu: sehemu ya kahawa ilichelewa kuuzwa, makato ni haya, kiasi kwa kilo ni hiki, mtalipwa wiki fulani. Taarifa safi kabisa. Kama angeisema saa tatu asubuhi, watu wangempigia makofi na historia ya 1925 wangeisikiliza kwa raha zao.

Wewe unadhani hasara ni wale 109 kuikosa taarifa. Hapana. Kesho yake mlimani kote habari ilikuwa moja: "Wamesubiri tuondoke ndipo waseme habari za hela." Ungekuwa wewe usingesema hivyo? Waliobaki ni vijana na wanaokaa karibu na barabara, walioondoka ni akina mama na wazee, wenye kahawa yao. Kwenye kilabu cha mbege ile dakika 12 ilishageuka wizi kabla ya wiki kuisha. Mwenyekiti wa chama akanipigia, sitaandika hapa alichosema, jukwaa lina watoto. Mradi ukafuta mikutano mitatu iliyobaki. Mimi nilikuwa nimeshaweka amana ya ukumbi na koster, na nimeshachapa mabegi ya kitambaa 560 yenye nembo. Yale 420 yaliyobaki ndiyo mama yangu anayogawia ndizi mpaka leo. Ukikutana na mtu Kiboroloni kabeba begi jeupe lenye mchoro wa tunda la kahawa, huo ni mtaji wangu unapita.

Nilimpigia mshauri wangu. Akaniambia tatizo ni "ushiriki hafifu wa walengwa". Yaani 300,000 yangu, na bado kosa la yule mama mwenye ng'ombe!

Mkutano wa pili niliuandaa kwa hela yangu kuokoa jina. Godauni la chama, siku ambayo si ya soko, hakuna projekta. Saa 3:00 kamili mhasibu kakaa mezani na daftari la mapokezi, kila mtu na risiti yake. Ubaoni kwa chaki: kilo moja ya mnadani kwa dola, mara shilingi 2,200 na ushei za wakati ule, toa hiki, toa hiki, inabaki hii kwa kilo yako. Wakauliza maswali mpaka saa tano na nusu. Yule mama alikuwepo. Alihesabu 86 zake kwa sauti, akamsahihisha mhasibu mahali. Saa sita kila mtu yuko njiani, na wakati wa chai bwana shamba alipata dakika 20 za kuzungumzia chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, na miche chotara inayoustahimili, wakamsikiliza kimya kabisa, kwa sababu jambo lao lilikuwa limeshakwisha.

Kanuni yangu ni moja tu, na nimeilipia: jambo ambalo mtu ameacha shamba kwa ajili yake ndilo linaanza, watu wote wakiwa ndani. Mengine yanafuata nyuma, hata yawe ya nani.

Utalijuaje? Piga simu kumi. Usimpigie mwenyekiti wa kikundi, huyo atakujibu unachopenda kusikia. Wapigie akina mama wanne wasiosemaga mikutanoni, mtu mmoja anayepanga nyanya chini pale sokoni, kijana anayezisomba kwa bodaboda, mmoja aliyegoma kuja mara iliyopita, wengine chagua. Uliza maswali mawili. La kwanza: "Ukirudi nyumbani jioni ukaulizwa wamesema nini huko, ungependa uwe na jibu gani?" La pili: "Saa ngapi lazima uwe umeshaondoka?" Usiwaulize "mngependa ajenda gani", watakujibu "zozote tu", sisi ni watu wa adabu. Mimi kila nikipiga hizo simu kumi, watu sita au saba wananitajia jambo lile lile, na mara nyingi kwenye rasimu yangu lilikuwa mkiani. Nyanya, nahisi utasikia habari za tenga na lumbesa, anayejaza tenga mpaka kichwa kinatokeza halafu analipia moja. Lakini usinichukue mimi, piga simu.

Na jibu la swali la pili ndilo linalofunga mkutano, siyo ukubwa wa ukumbi uliolipia. Wakisema saa saba, basi saa sita na nusu umemaliza, hata kama mtaalamu wako amebakiza slaidi ishirini.

Najua utasema: na mgeni rasmi? Atakuja saa tano. Anakuta watu wanafanya kazi, wanamweleza wenyewe walichokubaliana, anasema dakika kumi, anakula, anaondoka. Wasaidizi wao wanaupenda utaratibu huo kuliko unavyodhani, maana mheshimiwa hasubiri mtu na wala hasubiriwi. Nimefanya hivyo mara nyingi, hakuna aliyenuna. Mmoja tu alinuna kidogo, na yule alikuwa ananuna hata kwenye harusi.

Chakula: wape mapema, na kahawa isiwe ya kopo, nakuomba. Ukumbi wa mjini futa, tafuta shule au kanisa huko huko Tengeru, hela ya koster iingie kwenye nauli zao.

Kulikuwa na jambo jingine uliuliza, limenitoka. Nipo kwenye Noah naelekea Himo, tumebanwa wanne kiti cha watatu na chaji imebaki asilimia 6. Jumamosi itoe kwanza. Ukishapiga hizo simu rudi uandike hapa wamekujibu nini, na yule wa keki mwambie asubiri.