Mwanafunzi, anzia kwenye bidoni ya maji ya mama, si kwenye auditwari ya chuo

Juzi kijana mmoja wa Bukavu, anasoma afya ya jamii, kaniandikia: "Yaya, sisi pia tunataka kuanzisha kikundi cha kuhamasisha watu juu ya kipindupindu na majanga, tuanzie wapi?" Nilimujibu kifupi lakini maneno yalinijaa, na najua muko wengi munaotaka kufanyia kartie zenu, mitaa yenu, kitu, basi nawaandikia wote.

Sisi huku Goma, mashariki ya Congo, tulianza kikundi chetu baada ya volkano ya 2021. Ile Jumamosi tarehe 22 mei Nyiragongo ikatoka bila watu kuonywa, kila mtu akakimbia na upande wake, moto wa volkano ukashuka mpaka Buhene karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye, tarehe 27, wakubwa wa serikali wakatuambia tuhame, kartie 10 kati ya 18, barabara ya Sake ikajaa watu, chikudu (zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo), magodoro, na watoto wengi wakapoteana na wazazi wao. Sisi wanafunzi tulikuwa mule mule na hatukuwa na kitu cha kumwambia mtu, hiyo ndiyo ilituchoma.

Masomo yaliporudi tukaenda kwenye ziwa, pale watu wanapochota maji na wanapoyatilia kloro, dawa ya kuua vijidudu. Agenti anavuta dawa na sindano, anaitia ndani ya bidoni ya litre 20, inaisha. Lakini mama anafika nyumbani anakunywesha watoto papo hapo, wakati kloro inataka nusu saa ndio ifanye kazi. Kuna mama muuza samaki alituambia wazi "wanangu, hii dawa inaharibu chai yangu", tukakaa naye, tukarudi tena, mpaka siku moja nikamsikia yeye mwenyewe anakemea wengine: weka chini, ngojea! Siku ile nilijisikia daktari kabisa. Yeye tena ndiye anawafundisha jirani maji ya sukari na chumvi: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, mgonjwa anakunywa kidogo kidogo huku anapelekwa kituo, maana kipindupindu kinaweza kuua mtu kwa masaa machache tu.

Sasa niseme hii. Kuna servisi moja ya mji tuliipelekea barua, wakatuambia sisi ni watoto, turudi na diplome. Miezi ikapita, picha zetu za pale ziwani tukaziona ndani ya raporo yao, jina letu hakuna. Bado inaniuma mpaka leo. Lakini tuliendelea, na wewe endelea! Usingojee perdiem, ile pesa ya siku, usingojee tisheti, anayengojea tisheti hajapenda watu wake bado. Enda kwa chefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, salimia vizuri, kaa chini, sikiliza kwanza.

Na ongea hatari ya pale unapoishi. Nyinyi Bukavu muko na udongo unaoporomoka na nyumba za mbao zinazoungua kwa mistari, na wote tuliona Kalehe mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, maji yalivyobeba vijiji. Sisi upande wa Sake tuko na mazuku, ile hewa inayolala kwenye mabonde, haionekani, inaua mbuzi na mtoto anayemfuata, kwa hiyo tunapita na watoto wa shule tunawaonyesha mashimo ya kukwepa asubuhi na mapema.

Kisha pita nyumba kwa nyumba. Nani hatembei? Nani ana mimba? Mtoto anajua namba ya simu ya mzazi kwa kichwa? Familia ikitawanyika inakutana wapi? Kwetu orodha ya wasiotembea inashikwa na chefu wa nyumba kumi na vijana wawili wenye mgongo wa kubeba mtu, na tunaiandika upya kila mara masomo yanapoanza, sababu watu wa Goma wanahama nyumba za kupanga kila siku.