Je, Miaka Miwili ya Chuo cha Jamii Imepotea?

Maswali ya wasomaji: elimu na kazi

SWALI: Assalaam aleikum, mhariri. Mimi ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, kisiwani Lamu. Binti yangu ana umri wa miaka 22 na yuko Minneapolis, Marekani, kwa viza ya mwanafunzi. Amesoma miaka miwili katika chuo cha jamii, somo la huduma za kijamii, na mwezi wa Mei atapewa ile shahada ndogo ya miaka miwili. Sasa ananiambia kwamba anataka kuhamia chuo kikuu asome hadi shahada ya kwanza katika somo hilohilo. Ndugu yangu aliyeko Mombasa, ambaye jamaa zetu humsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi, anasema kwamba chuo cha jamii ni sawa na chuo cha ufundi cha kijijini, kwamba huko mbele binti atarudishwa mwaka wa kwanza, na kwamba fedha za shamba la minazi nililouza zimekwenda na maji. Naomba nielezwe: miaka hiyo miwili itahesabiwa au haitahesabiwa? Amebakiza mingapi? Na akirudi nyumbani na shahada hiyo, ataweza kuwa afisa wa watoto au wa ustawi wa jamii?

Fundi, Matondoni

JIBU: Wa aleikum salaam, mzee wetu. Nianze na ndugu yako, kwa heshima zote. Chuo cha jamii cha Marekani si chuo cha ufundi cha kijijini, ijapokuwa masomo ya ufundi hufundishwa humo pia. Chuo cha kwanza cha aina hii kilichodumu hadi leo, Joliet Junior College katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901 ili vijana wasome miaka ya mwanzo ya chuo kikuu karibu na kwao, kwa gharama ndogo, kisha waendelee mbele. Kwa hiyo njia anayoitaka binti yako ni njia ya kale na maelfu huipita. Hata hivyo ndugu yako ana chembe ya ukweli, kwa sababu miaka miwili inaweza kuhesabiwa yote, nusu, au robo tu, na jambo hilo haliamuliwi na chuo alichosoma bali na chuo anachokwenda. Wewe ni fundi na utanielewa haraka: mbao njema zilizotolewa katika jahazi kuukuu hazikosi thamani, lakini anayesema ubao upi unakaa na upi unawekwa kando ni fundi wa jahazi jipya, kwa kipimo cha mataruma yake mwenyewe.

Masomo ya vyuo vya Marekani hupimwa kwa krediti, yaani kila somo hupewa idadi ya vipimo kwa kadiri ya uzito wake. Kwa kawaida shahada ndogo ya miaka miwili ina krediti 60 na shahada ya kwanza ina 120, na anayesoma krediti 15 kila muhula humaliza 60 zilizobaki kwa mihula minne. Hesabu hiyo ndiyo inayowekwa katika matangazo ya vyuo, nami sitaki uitegemee mpaka uone karatasi. Chuo kikuu kinaweza kusema kwamba kimepokea krediti zote 60 na bado kikamwacha mwanafunzi na kazi kubwa, kwa kuwa kupokelewa ni jambo moja na kujaza sharti la shahada ni jambo jingine. Tuseme wamepokea 54, lakini 12 kati ya hizo wameziandika kuwa za hiari, na sehemu ya masomo ya hiari katika shahada hiyo imekwisha kujaa. Zinazomfaa ni 42, zilizobaki ni 78, na kwa mwendo wa 15 kwa muhula atahitaji zaidi ya mihula mitano. Tofauti ya mihula minne na mihula mitano na kitu ni karo, kodi ya nyumba na chakula cha nusu mwaka au zaidi. Shamba la pili huuzwa hapo.

Sababu kubwa ya kuanguka kwa krediti ni aina ya shahada ndogo yenyewe, nami nakuomba umwulize binti swali hili leo: cheti chake ni AA (Associate of Arts), AS (Associate of Science) au AAS (Associate of Applied Science)? Ya kwanza imejengwa juu ya elimu ya jumla, yaani uandishi, hesabu, sayansi, historia na kadhalika, na imekusudiwa kuhamishwa. Ya mwisho imekusudiwa mtu aingie kazini moja kwa moja, kwa hiyo ina masomo mengi ya kazi na machache ya jumla, na vyuo vikuu vingi husita kuyapokea yale ya kazi. AS hukaa katikati. Huduma za kijamii ni somo linalofundishwa sana kwa muundo wa AAS, na jambo hilo lina historia yake. Sheria ya mwaka 1963 iliyotiwa saini na Rais John F. Kennedy ilielekeza huduma za afya ya akili kutoka hospitali kubwa kwenda vituo vya mitaani, vituo hivyo vikahitaji wafanyakazi wa kati, na kozi za miaka miwili zikaanzishwa kuwafundisha. Ni somo lililozaliwa chini likapanda juu. Ndiyo maana ngazi yake ya katikati haijanyooka hadi leo.

Bahati ya binti yako ni kwamba yuko Minnesota. Jimbo hilo lina mpango wa pamoja wa elimu ya jumla wenye krediti 40, na mwanafunzi aliyeukamilisha katika chuo kimoja cha umma huhesabiwa kuwa ameukamilisha katika vyuo vyote vya umma vya jimbo hilo. Akihamia jimbo jingine, au chuo cha binafsi, kinga hiyo haimfuati. Metropolitan State University, iliyoko St. Paul, ng'ambo tu ya Minneapolis, ina shahada ya kwanza ya huduma za kijamii, kwa hiyo hana haja ya kwenda mbali, na mimi nisingemshauri ahame jimbo kwa ajili ya jina la chuo. Vilevile vipo vyuo vilivyotiliana mikataba ya maandishi inayoonyesha somo kwa somo ni lipi linalolingana na lipi. Mkataba wa namna hiyo ukiwapo kati ya chuo chake na kile anachokitaka, aushike kama hati ya shamba.

Pasipo mkataba, aombe chuo kipya kimfanyie tathmini ya transkripti yake, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, tena kwa maandishi, kabla ya kulipa senti yoyote ya kushikia nafasi. Katika karatasi hiyo asitazame jumla iliyo chini, atazame kila somo limewekwa safu gani. Somo lililoandikwa kuwa la hiari ilhali analiona ni sawa na la lazima, alikatie rufaa kwa kupeleka mtaala wake, yaani ile karatasi ya mwanzo wa muhula yenye mada, vitabu na saa. Kwa hiyo asitupe mtaala hata mmoja. Ajue pia kwamba somo alilopata D mara nyingi halihamishwi, kwamba wastani wake wa alama kwa kawaida huanza upya katika chuo kipya, na kwamba vyuo vikuu vingi hudai krediti zisizopungua 30 zisomwe kwao wenyewe, pamoja na kiasi cha masomo ya ngazi ya juu ambayo chuo cha jamii hakiyafundishi kabisa.

Kuhusu viza sina mengi, ila yaliyopo hayana mzaha. Rekodi yake katika SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima ihamishwe kutoka chuo hadi chuo na apewe fomu mpya ya I-20, ile inayotolewa na chuo kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi wake. Aombe uhamisho huo kabla ya kwisha siku 60 tangu amalize masomo, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Kila muhula wa kawaida asome krediti zisizopungua 12. Shahada hii huwa na mafunzo ya vitendo katika makazi ya wasio na nyumba, vituo vya wazee au vya waraibu, na kwa mwanafunzi wa kigeni kazi ya nje ya chuo inaweza kuhitaji idhini iliyoandikwa katika I-20, hata inapokuwa sehemu ya masomo. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo, wala asitosheke na neno la mwalimu. Misaada ya fedha ya serikali kuu ya Marekani haimhusu mwenye viza ya mwanafunzi, lakini ufadhili wa vyuo vyenyewe unaweza kumhusu. Phi Theta Kappa, jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili iliyoanzishwa mwaka 1918, inatambuliwa na vyuo vikuu vingi ambavyo huwatengea wanachama wake fungu maalumu. Kama alama zake ni nzuri, aulize mapema.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwa maoni yangu lingekuwa la kwanza. Huduma za kijamii (human services) na kazi za ustawi wa jamii (social work) hufanana kama mashua na dau, na asiyekuwa baharini huziita kwa jina moja. Huko Marekani taaluma ya pili ina leseni. Katika Minnesota leseni ya ngazi ya shahada ya kwanza hutolewa kwa aliyehitimu shahada ya ustawi wa jamii kutoka programu iliyoidhinishwa na CSWE, baraza la Marekani la elimu ya ustawi wa jamii. Mwenye shahada hiyo akitaka ya uzamili anaweza kufupishiwa, asome takriban mwaka mmoja badala ya miwili. Mwenye shahada ya huduma za kijamii hapati leseni hiyo wala ufupisho huo, ingawa anaweza kuajiriwa kusimamia mashauri ya familia, wazee na vijana, na wako wengi wanaoishi vizuri kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo aamue kwanza atafanya kazi gani na wapi. Kama nia yake ni kurudi Lamu na kuketi katika ofisi ya watoto, ningemshauri aulize juu ya shahada ya ustawi wa jamii sasa, wakati bado yuko kwenye kizingiti, hata ikimgharimu muhula mmoja zaidi, kwa sababu matangazo ya kazi ya huku kwetu hutaja masomo kwa majina, na karani anayepanga maombi hana muda wa kufafanuliwa kwamba jina hili lakaribiana na lile. Shahada ya nje italazimika pia kutambuliwa na mamlaka ya Kenya kabla ya ajira ya serikali, na huko swali la mwanzo ni kama chuo chenyewe kina ithibati kwao. Minnesota imo katika eneo la asili la Higher Learning Commission, chombo kinachovipa vyuo ithibati. Ahakikishe jina la chuo limo katika orodha yao.

Fedha zako, mzee, bado ziko juu ya maji. Usiongeze nyingine mpaka karatasi ya tathmini ifike Matondoni.

SWALI: Nina stashahada ya kazi za ustawi na maendeleo ya jamii kutoka chuo kimoja hapa Malindi. Katika KCSE nilipata C. Je, mlango wa shahada umefungwa kwa sababu sikupata C+?

Msomaji, Malindi

JIBU: Haukufungwa, binti yetu. C+ ni sharti la anayetoka sekondari moja kwa moja, na katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu stashahada iko ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ngazi ya 7, kwa hiyo uko hatua moja tu nyuma. Vyuo vikuu vyetu hupokea wenye stashahada inayohusiana na somo wanaloliomba, na mara nyingi huitaka iwe ya daraja la krediti. Hapa neno hilo ni daraja la ufaulu, wala si kile kipimo cha masomo nilichomweleza Fundi, msichanganyikiwe. Hakikisha chuo chako kilikuwa kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi, wakati uliposoma na kwamba mtihani wako ulitoka kwa chombo kinachotambulika, kama vile KNEC. Chuo kikuu kilicho karibu nawe ni Pwani, pale Kilifi, nauli ya matatu tu. Nenda na vyeti vyako halisi, uulize ana kwa ana kama kuna shahada inayopokea stashahada yako na kama utasamehewa masomo yoyote ya mwaka wa kwanza. Wakikukubalia kwa mdomo, waombe barua.