Nguruwe pori kwa miguu: shotgun au raifo?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Kimara, shamba langu la mihogo liko Kisarawe na nguruwe pori wanalifukua kila wiki. Leseni ya kumiliki bunduki ninayo, kibali cha kuwinda nakifuatilia. Nataka kuwafuata kwa miguu pamoja na mzee mmoja wa kijijini anayejua nyayo. Nichukue shotgun ya 12 au raifo ya .308? Na nimlenge wapi?

Jibu: Salama, ndugu. Kwa vichaka vya Kisarawe chukua shotgun, lakini iwe na slagi, yaani risasi ya kipande kimoja, si marisau, yaani punje nyingi ndogo. Kichakani nguruwe humwoni mpaka awe mita 15 hadi 40 kutoka ulipo, na anakupa sekunde chache tu. Hapo unahitaji bunduki inayopanda begani haraka na risasi nzito. Slagi ya 12 ina gramu 28 hivi, na kwa umbali huo inavunja bega na kutokea upande wa pili.

Hilo la kutokea upande wa pili ndilo kiini cha jibu langu. Nguruwe ana ngozi nene begani, hasa dume, na chini yake kuna mafuta yanayoziba tundu la risasi. Akipigwa bila risasi kutoka, damu inavujia ndani, na mzee wako hata awe hodari vipi hatakuwa na cha kufuata. Hapa ndipo marisau ya SG, yale ya punje kubwa, yanapowaangusha watu. Kila punje ina gramu chache tu, na ukivuka mita 20 zimeshatawanyika: mbili begani, moja tumboni, nyingine kwenye miti. Mnyama anaondoka na majeraha ya kumuua kesho, mahali usipomwona.

Kabla ya kwenda, ijaribu bunduki kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika. Piga slagi tatu kwenye boksi la karatasi kwa mita 25, kisha mita 50. Zikikusanyika ndani ya upana wa kiganja kwa mita 50, inatosha. Zisipokusanyika, jiwekee mpaka wa mita 30 na uuheshimu. Kama ni ya mitutu miwili, jaribu kila mtutu peke yake, kwani ni nadra yote miwili kupiga mahali pamoja. Tumia mtutu usiobanwa mdomoni, yaani tundu lake halipungui mbele, au uliobanwa kidogo sana. Na shavu likae imara kwenye kitako: ukiinua kichwa, slagi inapita juu ya mgongo.

Raifo ya .308 ni nzuri zaidi ukiwinda kwenye mbuga za wazi, penye mita 80 au 100. Ukiamua kuibeba hata hivyo, tumia risasi za ncha laini za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 165 hadi 180. Zile zilizofunikwa chuma kizima ziache. Zinatoboa kitundu chembamba, zinaendelea, na nyuma ya nguruwe wako pengine kuna nguruwe mwingine, au mtu anachanja kuni. Darubini iwekwe kwenye ukuzaji wa chini kabisa, mara 1 au 2, la sivyo utaona manyoya tu. Na raifo iliyosawazishwa kwa mita 100 hupiga sentimita 2 hivi chini ya alama ukiwa mita 25. Kwa nguruwe si tatizo, ila lijue.

Mahali pa kulenga: moyo na mapafu yake viko chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani, na manyoya marefu ya mgongoni yanamfanya aonekane mrefu kuliko alivyo. Akiwa ubavu kwako, fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama kwenye theluthi ya kwanza ya kimo cha mwili, piga hapo. Akiwa amekupa kisogo kwa mshazari, lenga ili risasi ielekee mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, subiri ageuke. Jike mwenye watoto wa milia muache. Na akikimbia mkia umesimama wima, huyo ni ngiri. Angalia kibali chako kinasemaje.

Kutembea: nguruwe haoni vizuri, lakini pua yake haikosei. Beba majivu kwenye kitambaa, yatikise uone upepo unakoelekea kila unapobadilika. Muda mzuri ni saa mbili za kwanza baada ya kupambazuka, wanaporudi vichakani kulala. Hatua kumi, simama dakika nzima, sikiliza. Usiku usithubutu, sheria inakataza. Njia za wanyama zitazame chini pia, mitego ya waya iko mingi. Mwenye risasi chemba awe mtu mmoja tu, aliye mbele, na mtutu usielekee kwa mwenzake hata anapopita chini ya tawi.

Ukishapiga, usikimbilie. Jaza bunduki tena na subiri nusu saa. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, hatakuwa mbali. Ukiona majimaji ya kijani, ni tumbo. Subiri saa kadhaa. Usimfuate kichakani kwa kutambaa. Dume aliyejeruhiwa hugeuka, na meno yake ya chini hupasua paja. Msogelee kwa nyuma, mguse jicho kwa fimbo ndefu kuhakikisha amekufa.

Leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Kibali kinatoka kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Kwa uharibifu wa shamba, anza kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya.

Mwulize mzee mapema pia nani atambeba nguruwe na kumchuna. Pwani wasaidizi wengi ni Waislamu, na si haki kuwaomba wakiwa wameshafika. Nyama ipikwe hadi iive kabisa ndani, si nusu-nusu kama mishikaki ya haraka. Matumbo na damu vifukiwe palepale: nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, na mabaki hayo yakifika kwenye banda la jirani anayefugia kitimoto, anaweza kupoteza nguruwe wake wote.