Simba akigeuka

Mhariri,

Mmetuuliza wiki hii: mtu akishindwa na fumbo, apewe jibu tu, au aelezwe na njia ya kulifikia? Mimi nasema aelezwe, neno kwa neno, na asipoelezwa bado hajapewa kitu.

Mafumbo niliyapendea Uingereza, miaka niliyofanya zamu za usiku katika makao ya wazee. Palikuwa na mzee mmoja asiyepata usingizi. Gazeti lake alilikunja mara nne, chemshabongo ikabaki juu, ule mraba wa vijisanduku vyeupe na vyeusi wenye maneno ya mlalo na ya wima. Mimi nilizizoea zile za nyumbani, "mji mkuu wa Zambia, herufi 6," ukijua umejua. Zake zilikuwa za namna nyingine. Usiku mmoja alinisomea dokezo: ua la London, herufi 6. Nikataja maua yote niliyoyajua kwa Kiingereza, yeye akitikisa kichwa. Mwisho akaniambia jibu ni Thames.

Nililikataa. Thames ni mto, na mto haunuswi. Ndipo akachukua kalamu akaliandika neno la Kiingereza la ua, flower, akalikata katikati: flow, kutiririka, kisha er, ile ya mtendaji. Kitiririkacho cha London! Niliketi pale kitandani pake nikacheka peke yangu kama mtoto. Jibu lilikuwa lilelile nililolikataa dakika moja iliyopita, ila sasa lilikuwa langu.

Mzee yule alikuwa na sheria yake. Neno alilolipata kwa kubahatisha aliliandika kwa penseli. Wino aliutumia pale tu alipoweza kuniambia kila neno la dokezo linafanya kazi gani. Kuna asubuhi nilizomwacha na mraba uliojaa wote, na maneno matatu bado ni ya penseli, naye akihesabu kwamba hajamaliza.

Baadaye nilijua kwamba msimamo huo una historia kwao. Mwaka 1926 gazeti la Observer lilianza kuchapa mafumbo ya Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, jina la yule msimamizi wa mahakama ya mateso ya Hispania, na watu waliteseka kweli. Alipofariki mwaka 1939 nafasi yake ilichukuliwa na Derrick Macnutt, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini, aliyejiita Ximenes. Huyu ndiye aliyeshikilia kwamba dokezo liwe na maana ya jibu iliyo sahihi, liwe na mchezo wa maneno ulio wa haki, na lisiwe na kitu cha tatu. Mwaka 1966 aliyaandika hayo kitabuni. Tena aliwashindanisha wasomaji kutunga madokezo, akiwaandikia karatasi ya maoni juu ya yale waliyoyatunga, lipi limesimama na lipi limeanguka, na kwa nini. Mtunzi mkali kuliko wote, na bado alieleza.

Nimerudi Tanga sasa, nawatungia wajukuu kwa Kiswahili. Lugha yetu inafaa mno kwa kazi hii kwa sababu silabi zake zinashikika kama punje za tasbihi. Nilimpa mjukuu wangu dokezo hili: "Simba akigeuka ni rafiki, herufi 5." Akahangaika nalo kutwa nzima. Magharibi nikamtajia jibu, mbasi. Akanuna. "Bibi, simba na rafiki wapi na wapi? Na mbasi ndiyo nini?"

Nikamwambia mbasi ni neno wanalolipenda washairi, maana yake rafiki wa karibu sana. Hiyo ndiyo "rafiki" iliyoko mwishoni. Kisha nikamuuliza kama hajui kinyume, maneno ya kupindua silabi wanayosema watoto wa pwani wasipotaka wakubwa wawaelewe. Anakijua. Basi simba mgeuze: si-mba, mba-si. Neno "akigeuka" ndilo lililokuwa likimwambia afanye hivyo, mbele ya macho yake, kutwa nzima. Alipiga kofi hata paka akakimbia.

Kesho yake nilimpa lingine, "Kisa makini kimeficha kitoweo, herufi 6," wala sikumsaidia. Alisema mwenyewe: kitoweo ndiyo maana, "kimeficha" ndiyo amri, na ukisoma kisa makini bila kuacha nafasi katikati, samaki huyo hapo. Keshokutwa yake akaja na la kwake: "Mnyama juu ya nyumba, herufi 3." Paa! Ana miaka kumi na moja. Ningempa "mbasi" nikaishia hapo, angekuwa amepata neno moja la kale na kinyongo.

Najua wako watakaosema maelezo yanaua utamu, na kwamba mababu walitega vitendawili bila kueleza. Ukishindwa, unatoa mji, unapewa jibu, mnaendelea. Ni kweli. Lakini "kuku wangu katagia miibani" ukishaambiwa nanasi, unaliona nanasi na miba yake, picha imejieleza. Dokezo la mraba halina picha ya namna hiyo, njia yake imefukiwa ndani ya herufi. Na lugha yenyewe inatuambia kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Anayetegua mtego hufuata kamba ilikopita. Kumwonyesha mtu ndege aliyenaswa hakumfundishi kamba.

Kuna jambo jingine, nalo kwangu ndilo zito zaidi: maelezo humpima mtunzi. Niliwahi kuandika "Mabara mawili mapana yameungana yakawa njia, herufi 8," nikajivuna nalo. Jibu ni barabara, bara na bara. Nilipoketi kumweleza mjukuu nikafika kwenye "mapana," nikakwama. Neno lile halikuwa na kazi. Nililitia kwa sababu lilisikika vizuri, na kumbe lilikuwa linampoteza mtoto bure. Nikalifuta mbele yake. Nisingelazimika kueleza, lingekuwapo hadi leo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu: ukurasa wenu wa majibu msiuachie orodha ya maneno matupu yaliyopinduliwa chini juu. Chini ya kila jibu wekeni mstari mmoja wa njia. Na hili hapa ni langu kwa wasomaji, atakayelituma jibu alitume pamoja na njia yake: "Lima, kisha geuka, huo ni utajiri, herufi 4."

Bibi wa Tanga