Jibu: Mtoto wa siku nne, katolewa utumbo tumboni, bado upasuaji mara mbili

Pole mama mwenzangu, na hongera ya uzazi. Najua wengi wamesahau kukupa. Umeuliza ufanye nini wodini huku mwanao, aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa na kutolewa sehemu ya utumbo nje ya tumbo ili choo kipitie hapo, akisubiri kutengenezewa njia na baadaye kurudishiwa utumbo ndani na kufungwa tumbo.

Wangu alipitia hatua hizo hizo. Kwanza uliza kama amepimwa moyo na figo, maana kasoro hizi hupenda kuja pamoja. Mimi niliuliza siku ya sita, kumbe fomu ya kipimo ilikuwa imelala tu ndani ya faili.

Maziwa kamua kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku, hata kama hajaruhusiwa kunyonya. Mwanzoni nilipata vijiko viwili, nikalia.

Kitakachokusumbua ni ngozi kuzunguka ule utumbo. Mifuko ya kukingia choo ilipoisha tulifunga vipande vya khanga kuukuu: osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka krimu ya zinki. Utumbo wenyewe uwe mwekundu na wenye unyevunyevu. Ukigeuka mweusi, mwite nesi hapo hapo.

Gharama za huko siwezi kuzisemea. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla bili haijapanda.